Nimemzika Mke wa Inspekta, na Kumbe Yu Hai

Bi Rosy mpendwa,

Nisaidie kabla hawajampasua Baba macho, kwa sababu akishaona vizuri mimi nimekwisha. Nakuandikia gazetini na si kwenye kile kipindi chako cha redio kwa kuwa Baba kuona haoni lakini masikio yake ni mazima kupita kiasi, na tafadhali badilisha majina yetu yote.

Tunaishi Rexdale, huku Canada, kwenye zile ghorofa za barabara ya Kipling, mimi natunza wazee zamu ya jioni, mume wangu Mutuma yuko kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na tangu mwaka jana tunaishi na baba yake, Mzee Gerishon, ambaye kule Kenya alikuwa askari wa upelelezi mpaka akastaafu. Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa, sikumjua, na Mutuma hapendi kumzungumzia. Tulipoona Baba amebaki peke yake kule Meru, Mutuma alikata tiketi, akanunua koti, akanunua viatu vya theluji, kofia, kila kitu, siwezi kumlaumu mume wangu kwa kitu cha kununuliwa. Lakini kukaa na babake hakai. Baba akiwa mezani Mutuma anakula amesimama jikoni, ukimuuliza anasema amechoka, ati akiketi atalala. Nimezoea, siulizi tena.

Basi Baba alikuwa anashinda dirishani anaangalia maegesho ya magari, chakula anaonja tu, ukimsemesha anajibu "niko sawa, mama," mpaka nikaanza kuogopa, maana kazini naona wazee wanaoanza hivyo na najua wanavyomalizia. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, kusoma hawezi, televisheni anasema ni kelele. Siku moja nilikuwa nimeazima maktaba kitabu cha upelelezi cha kutoka Norwe, nilikichukua kwa sababu ya jalada tu, lilikuwa na gari la polisi limekwama kwenye theluji, nikasema kumbe hawa nao wanateseka kama sisi. Nilikuwa nakisoma kwenye kochi kabla sijaenda kazini, Baba akauliza, "Hicho kitabu kinasema nini?" Nikamwambia kuna mtu amekutwa amekufa kwenye kiwanda cha mbao. Bi Rosy, Baba akageuza kiti. Tangu afike Canada sijawahi kumwona akilipa dirisha mgongo. Akaniuliza, "Nani alimwona mara ya mwisho?"

Ndivyo tulivyoanza. Kila siku mchana macho yangu yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho alichofanyia kazi miaka yote, na kwa Kimeru chetu mimi na yeye tungeoneana haya zaidi. Na nisikufiche, huyo mpelelezi wa kitabuni, Inspekta Torsnes, nampenda sana. Mkubwa wake hamtaki, wenzake wanamcheka, lakini wote wakishachoka na marehemu yeye hachoki. Anarudi kwa mtu ambaye wengine walishamhoji, anakaa, ananyamaza, mpaka yule mtu anaanza kulia mwenyewe. Baba alisikiliza hapo akasema, "Huyu ni askari." Hujui hiyo ni sifa kubwa kiasi gani, hata kuhusu mkuu wao wa zamani hajawahi kusema hivyo. Na Baba naye, haki ya Mungu, ni hatari! Tulikuwa hatujafika hata katikati akaniambia muuaji ni yule mwenye duka la rangi. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Mama, mwenye hatia hujibu swali ambalo hujamuuliza." Ikawa kweli. Siku hiyo alikula sahani mbili, akaniomba na chapati ya kesho yake.

Sasa shida yangu. Huyo Inspekta ni mlevi. Analewa vibaya. Tena mkewe alimwacha, wana talaka, na yeye ana mambo na yule daktari wa kupasua maiti, mambo ambayo mwandishi ameyaeleza yote, hakubakisha. Na mimi nimelelewa kwamba mke wa mwana hataji pombe na kitanda mbele ya baba mkwe, hata kiti chake sikalii. Ningesemaje? Basi kila alipokunywa wiski nikamnywesha chai. Wiski ikawa chai, bia ikawa chai, hata pale alipovunja chupa ukutani nikasema ameangusha birika. Yule daktari nikamfanya mama wa makamo ambaye humwombea. Na mke, nilipofika kwenye talaka ulimi ulikataa, nikasema amefariki. Nikamuua kwa nimonia, nikamzika vizuri, kanisa likajaa, mpaka wimbo nikaweka.

Baba alisikiliza mazishi yote. Halafu akauliza, "Inspekta alikuwa wapi mkewe alipokufa?" Kitabuni hakuna, mimi nitatoa wapi? Nikasema alikuwa kando ya kitanda, amemshika mkono mpaka mwisho. Baba akainuka akaenda chumbani kwake, siku hiyo hatukuendelea. Nilidhani amemkumbuka mama mkwe, nikajisikia vibaya lakini pia nikasema angalau nimemtungia kifo kizuri.

Toka hapo uongo ukawa unazaa. Inspekta ana binti ambaye hashiki simu zake, kwa sababu Inspekta alikwenda kwenye mahafali ya binti huyo amelewa akaanguka mbele ya watu. Mimi nikasema hashiki kwa sababu mtandao ni mbaya kule milimani. Baba akasema, "Norwe yote hiyo, mtandao wao umeshindwa na wa kwetu Tigania?" Na tangu siku hiyo kabla sijafungua kitabu swali lake la kwanza ni moja, "Binti ameshika simu?" Siku nyingine Inspekta akakutwa asubuhi amelala ndani ya gari na viatu mguuni, Baba akauliza tu kwa nini hakwenda nyumbani, nami nikasema haraka haraka, "Hajalewa Baba, ni uchovu wa kazi." Akatikisa kichwa. Akasema, "Chai nyingi huchosha." Tena ameanza tabia ya kwenda kunywa maji. Nikifika mahali pabaya, sauti yangu ikipungua kidogo natafuta nitageuza vipi, Baba anainuka anasema ana kiu, anakaa huko jikoni hata bomba simsikii akifungua, halafu akirudi anasema, "Tumefika wapi?"

Na siku moja alinihadithia kuhusu rafiki yake wa kazini, mpelelezi hodari, kesi zote alizitatua, lakini mkewe alikata roho hospitalini akiwa peke yake na yeye yuko baa, na kwamba tangu mazishi hayo hajagusa glasi tena. Nikamwambia ampe pole huyo rafiki yake. Akasema atamfikishia.

Sasa tumeanza kitabu cha pili, na ukurasa wa kwanza tu, mke anabisha mlango! Mzima wa afya! Nilifunga kitabu kwanza, Bi Rosy. Nikasema ni dada yake marehemu, wanafanana sana. Lakini huyo dada sasa amelala kwa Inspekta, na si kwenye kochi, na sijui nitampeleka wapi. Halafu hospitali wameita, mwezi ujao Baba anapasuliwa jicho la kwanza, na amefurahi, ameniambia, "Likipona nataka nivisome mwenyewe, tangu cha kwanza." Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka.

Nimefikiria kuvificha vitabu, lakini maktaba wanavyo vingine. Nimefikiria kusema vilichapishwa tofauti. Nilimwambia Mutuma anisaidie, akasema, "Mwache, asome asisome, shauri yake." Ninachoogopa si aibu yangu tu. Mzee huyu amerudi kutoka mbali kwa sababu ya huyu mtu wa kwenye kitabu. Akijua nilikuwa namdanganya kila mchana, na kwamba Inspekta wake ni mlevi aliyeachwa, atageuza kiti tena kiangalie maegesho, na safari hii sitakuwa na cha kumwambia. Nifanyeje?

Nkirote, Rexdale

*

Nkirote mwanangu, majina nimeyabadilisha yote, tulia.

Loh! Nimecheka mpaka mume wangu Lancelot akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia kuna msiba, mke wa Inspekta amefariki kwa nimonia. Akasema, "Si tulimwacha mzima juzi?" Maana hao tunawajua, mwanangu. Mimi ni Mgoa wa Tanga niliyezeekea hapa Markham, na majira ya baridi ya hapa mtu huyamaliza kwa rozari au kwa wapelelezi, mimi huyamaliza kwa vyote viwili. Torsnes wako nimemsoma kitabu baada ya kitabu. Nami nampenda kama unavyompenda, mlevi yule, mkaidi yule, na shati lake la juzi.

Kwanza nikupe haki yako. Kutafsiri kitabu kizima kwa mdomo, papo hapo, huku unapika chapati na unaiwahi zamu, na mzee akasikiliza mpaka akageuza kiti, hiyo ni kazi ya watu wawili na wanaolipwa. Nakuvulia kofia. Hata lile birika lililoanguka, mimi nisingelifikiria.

Sasa nikugombeze. Ebo! Nkirote! Umekaa na mpelelezi nyumba moja, umemsomea upelelezi kila mchana, amekufundisha kazi yake bure, na hujaona kilicho mbele ya pua yako? Hebu soma barua yako mwenyewe. Baba aliuliza kwa nini mtu amelala garini. Wewe ukasema hajalewa. Nani alikuuliza kama amelewa? Alishakuambia kwa mdomo wake anavyowakamata watu, na wewe ukaenda ukajikamatisha. Mwenye duka la rangi alijitahidi kuliko wewe.

Baba anajua, mwanangu. Anajua tangu zamani. Mtu aliyehoji wezi maisha yake yote hashindwi kumtambua mtu anayebabaika na birika la chai. Na anayesema ana kiu halafu bomba halifunguliwi, huyo hana kiu. Anatoka ili wewe uruke kurasa zako kwa raha, usione haya mbele yake. Wewe unamstahi, yeye anakustahi, mnapishana hapo sebuleni kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia. Nimesoma hapo mara ya pili nikaweka barua chini kidogo. Mkwe wa namna hiyo wengine tumemwomba kwa Mungu hatukumpata.

Kwa hiyo hofu ya kugunduliwa ifute, umeshagunduliwa na umeshasamehewa. Lakini kuna jambo ambalo hukuliona, na hapo sicheki.

Huyo rafiki wa kazini. Mwanangu, rafiki gani? Mama mkwe wako amefariki, mumeo hataki kumtaja, na mumeo hawezi kukaa meza moja na babake mpaka ale amesimama. Mzee anakuhadithia askari hodari aliyekuwa baa mkewe akikata roho. Mimi sikuwepo, sina ushahidi wa kupeleka kortini, na kama nimekosea nitaomba radhi hapahapa gazetini. Lakini sidhani nimekosea. Alikuwa anakuambia habari zake, kwa njia ambayo mzee anaweza kumwambia mke wa mwanawe, na wewe ukamtuma ampelekee pole.

Angalia basi ulichofanya kwa nia njema. Umemsafisha Inspekta mpaka amekuwa malaika. Hanywi, hakuachwa, na mkewe akafa ameshikwa mkono. Baba akainuka akaenda chumbani kwa sababu mtu pekee aliyemdhani amefanana naye alikuwa kando ya kitanda cha mkewe, mahali ambapo yeye hakuwepo. Torsnes wa kweli, yule aliyeharibu kila kitu nyumbani kwake na bado kesho yake anaamka, ananyoa ndevu, anakwenda kumtafutia haki mtoto wa mtu, huyo ndiye Baba anamhitaji. Huyo ndiye aliyemfanya ageuze kiti, mwanangu. Alimnusa chini ya chai yako yote. Usimnyime.

Basi sikiliza utakavyofanya, na ufanye, usiniandikie tena kuniuliza kama nilikuwa namaanisha.

Kesho mchana, kabla hujafungua kitabu, mwambie, "Baba, Inspekta anakunywa pombe, na mkewe hakufa, walitalikiana. Mimi niliona haya." Maneno hayo tu. Usilie, usijieleze. Atajifanya ameshangaa, mwache ajifanye, na wewe jifanye umeamini. Ya yule daktari usiseme lolote, yeye mwenyewe atajua kwa nini mama wa maombi alikuwa anakuja na mswaki.

Kitabu cha pili kirudishe maktaba. Chukua kile cha kwanza, mpe Mutuma. Usimwambie amsamehe babake, wala usimhubirie, mtu aliyebeba jambo hilo tangu ujana hakosi wahubiri. Mwambie kitu kimoja, na ni kweli: "Kuna mambo humu ambayo mimi kama mke wa mwana siwezi kuyataja mbele ya Baba, na Baba anataka kuyasikia. Hii ni kazi ya mwana." Hapo hana pa kutokea, kwa sababu mila hiyo anaijua kuliko wewe. Atasema amechoka. Sema sawa, basi Jumapili tukitoka kanisani. Atasema hawezi kutafsiri. Sema kama mimi nimeweza na chapati mkononi, wewe utaweza. Kama anataka kusoma amesimama hapo mlango wa jikoni, asome amesimama. Kurasa ni nyingi, miguu itachoka yenyewe.

Wewe siku hiyo chemsha chai ya kweli, wape, halafu toka. Nenda kwa jirani, nenda madukani. Usikae nyuma ya mlango kusikiliza. Huenda wakasoma ukurasa mmoja wakanyamaza, huenda Mutuma akafika kwenye yale mahafali akafunga kitabu kwa hasira. Mwache afunge. Atakifungua tena, kile kitabu hakimwachi mtu, wewe unajua. Na hayo ya kitandani usihangaike nayo, hata Mutuma atayaruka, na Baba ataenda kunywa maji.

Jicho lipasuliwe siku ile ile waliyopanga, usithubutu kuahirisha. Lakini nakuhakikishia, hata akiona mpaka herufi ndogo za kwenye chupa ya dawa, atakuambia bado linamsumbua, ili asomewe.

Limebaki moja. Kesho Baba atakuuliza tena kama binti ameshika simu. Usiseme mtandao. Mwambie, "Bado, Baba. Babake alimkosea sana." Kisha nyamaza, kama Torsnes anavyonyamaza. Mimi nimefika mbele kuliko nyinyi, kwa hiyo nakuambia wewe peke yako: anashika. Ni kitabu cha nne, karibu na mwisho. Anachomwambia babake sikuambii, na usiende kuchungulia. Ukurasa huo ni wa Mutuma kuusoma.

Bi Rosy